Nilivyokuwa mkalimani kati ya mzee na binti yake hapa Brussels

Wakuu, salaam kwenu.

Kila nikiingia humu nakuta mtu anaulizia maisha ya Ulaya yakoje. Simkatishi tamaa mtu, ila leo nataka niwaeleze jambo lililonikuta kazini. Chumvi sijatia. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana huku Waafrika tunajuana.

Mimi ni mtu wa Tabora, naishi Brussels, upande wa Evere.

Msidhani ni jiji la kutisha. Ni mji wa wastani tu. Tram zinakuja, maji hayakatiki, hospitali ipo.

Shida ni kwamba unaweza kuishi ghorofa moja na mtu miaka, na mnachoambiana ni "bonjour" ya kwenye lifti. Mkishuka kila mtu na funguo zake. Mwanzoni inauma, baadaye unazoea. Mimi naona kule kuzoea ndiko kubaya zaidi.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee, kwenye nyumba moja ya wazee huko Koekelberg. Naogesha, nalisha, nabadilisha mashuka. Siyo kazi ya kujipigia selfie.

Sasa twende kwenye kisa.

Aliletwa mzee wa Kikongo, mwenyeji wa Bukavu. Nitamwita Papa Déo. Alikuja Ubelgiji akiwa bado kijana, akafanya kazi ya ofisini mpaka akastaafu. Wanaomjua wanasema Kifaransa chake kilikuwa cha kutolea hotuba.

Lakini ugonjwa wa kusahau ulishamvaa. Daktari alitueleza kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, lugha waliyojifunza ukubwani ndiyo hutangulia kupotea. Kifaransa kikaondoka chote. Kikabaki Kiswahili, kile cha Kongo.

Na ghorofa nzima, anayekielewa nilikuwa mimi tu.

Siku ya kwanza niliitwa kwa sababu alikuwa amekataa kuogeshwa, anapiga watu ngumi. Nikaingia nikamwambia, "Jambo papa."

Akatulia. Akaniangalia sana.

"Unakuya saa hii? Niko nakungoja tangu asubui."

Alidhani mimi ni mdogo wake. Nikamwambia barabara ilikuwa mbaya. Akakubali, akanyoosha mikono nimvue shati.

Tangu hapo akawa mgonjwa wangu. Kengele za basilika, lile kanisa kubwa la jirani, zikilia ananiuliza kama misa imeisha. Namwambia bado, papa. Anaridhika.

Halafu kuna binti yake, Solange. Mama wa makamo, mwanasheria, mtu mstaarabu kweli. Alikuwa anakuja karibu kila jioni akitoka kazini, na Kiswahili hakijui hata neno.

Nikamuuliza imekuwaje. Akanieleza kwamba ni baba yake aliyewakataza. Alitaka watoto wafaulu, wasichekwe darasani. Mtoto akitamka neno la Kiswahili mezani, alikuwa anaambiwa hiyo lugha aiache mlangoni na viatu.

Basi nikawa nakaa katikati yao. Natafsiri.

Mambo mengi yalikuwa madogo. Anasikia baridi. Chakula hakina pilipili. Solange alikuwa anafurahia hata hayo.

Jioni moja Papa Déo alimkazia macho, kisha akanigeukia mimi.

"Uyu mwanamuke ni nani? Anakuyaka kila siku. Hana kwao?"

Solange akaniuliza amesema nini. Nilitamani kusingizia kitu, lakini alikuwa ananitazama usoni. Nikamwambia.

Akavuta pumzi. "Mwambie mimi ni mtoto wake."

Nikamwambia. Mzee akatikisa kichwa, wala hakukasirika.

"Batoto yangu banasema Kiswahili. Uyu ni muzungu."

Wakuu, hilo sikulitafsiri mara moja. Solange alisubiri. Mwishowe nikalisema, taratibu. Alichukua koti lake, akambusu baba yake kwenye paji la uso, akatoka.

Kesho yake alirudi. Akaniomba nimfundishe sentensi moja. Tulikaa kwenye ngazi wakati wa pumziko langu, anarudia kama mtoto wa chekechea: "Papa, ni mimi Solange, mtoto wako."

Alipoimudu akaingia, akashika mkono wa baba yake, akaisema yote bila kukosea.

Mzee akatabasamu. Akamjibu, "Muzuri. Unajikaza. Nani anakufundishaka?"

Hapo ndipo alipomkaribia baba yake kuliko siku zote. Zaidi ya hapo hakusogea.

Kuelekea mwisho hata Kiswahili kikaanza kukatika. Akawa anaongea Kimashi, lugha ya kwao kule Bukavu, aliyoizungumza na mama yake kabla hajaanza shule. Hapo na mimi nikawa bubu kama wengine. Solange alikuwa ananigeukia kwa mazoea, nami sina cha kumpa.

Siku za mwisho alikuwa anarudia maneno yale yale. Solange akamrekodi kwa simu.

Baada ya mazishi akaniomba tufuatane Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels. Mle ndani ya Galerie d'Ixelles, jengo la maduka, kwenye saluni moja, kuna mama mtu mzima anayesuka, mzaliwa wa kule kule Bukavu, Kimashi anakijua. Aliacha kusuka, akaisogeza simu sikioni, akasikiliza mara mbili.

"Anaitana mama yake," akasema. "Anasema mvula imeanza, bamufungulie mulango."

Nikamtafsiria Solange. Akauliza kama jina lake halimo popote.

Yule mama akasikiliza tena, yote, hadi mwisho.

"Hapana, mutoto wangu. Anaitana mama yake tu."

Solange akashukuru, akaweka simu kwenye mkoba. Tukatembea mpaka kituo cha basi. Sijamwona tena.

Sasa mtaniuliza funzo ni nini.

Ningependa kusema fundisheni watoto lugha, niishie hapo. Lakini mimi nina binti wa miaka sita. Mama yake na mimi tunapishana shift, analelewa na shule na katuni. Juzi namvisha koti, nikamuuliza kwa Kiswahili leo darasani wamefanya nini. Akaingiza mkono wa pili kwenye koti. Nikarudia.

Akanijibu kwa Kifaransa, kwa upole kabisa: "Baba, ongea kawaida."

Nikaongea kawaida. Tulikuwa tunachelewa shule.

Mlioko nje, niambieni: mkiwasemesha watoto wenu Kiswahili, wanawajibu kwa lugha gani? Semeni ukweli, hata kama hautanifurahisha. Nitasoma yote.