Nilivyoupigia Makofi Msiba

Aibu hii ingali inanichoma. Juzi nilikwenda Chake Chake kwenye tamasha la michezo ya kuigiza, ile midogo inayochezwa uani, watazamaji tumekaa mikekani. Katika mchezo wa kwanza, mzee mmoja kati yetu alisimama akaanza kumtukana mkewe. Mimi, mwalimu ninayejulikana na wengi, nikainuka kuwasuluhisha. Kumbe ni wachezaji! Nilichekwa na ua mzima. Nikaapa sidanganyiki tena.

Mchezo wa pili ulipokolea, dada aliyekaa kando yangu alipokea simu. Akainuka, akapiga ukelele: "Mama! Mama kafa!"

Nikatabasamu kijuaji. Nikapiga makofi kwa nguvu, nikamwambia, "Hongera, Bi! Kulia unakujua!"

Wengine wakanifuata, makofi yakavuma. Yeye akazidi kulia, nami nikazidi kushangilia.

Ghafla nikaona wachezaji wameukatiza mchezo. Mmoja wao, ndevu za pamba zikimning'inia kidevuni, alikuja mbio akamkumbatia yule dada. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, basi," akasema. "Huyu hachezi. Huyu dada yangu, na huyo alokufa ni mama yetu."