Seva Moja ya Hospitali

Nilihamishiwa Sumbawanga kutoka Mbeya kuja kuangalia kompyuta za hospitali moja. Nilikuta seva moja tu, imewekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mashuka. Ndani yake zilifanya kazi kompyuta tatu zisizoshikika kwa mkono: ya mapokezi, ya maabara, na ya ripoti za mkuu wa hospitali. Sisi mafundi tunaziita wageni, na seva yenyewe tunaiita mwenyeji. Wote walitegemea memori ile ile.

Niliipanga seva imwazime aliyezidiwa memori ambayo mwenzake haitumii, kisha airudishe. Ubaya, mfumo wa maabara ulikuwa wa zamani. Ulijua kuchukua, kurudisha haujui. Ule wa ripoti nao ulikuwa mlafi. Basi asubuhi, foleni ikijaa, kila kitu kinaganda.

"Mwanangu, umezima tena?" Mkuu wa maabara, mama wa makamo kutoka Kirando, alikuwa akinipigia.

"Shikamoo mama. Sijazima, mfumo umeganda."

"Marahaba. Sasa hawa watu niwafanyeje?"

Memori ya kuongeza nilishaiomba, nikaambiwa nisubiri. Nikawa mtu wa kuzima na kuwasha, mpaka mwili ukawa mzito kama nimetoka kulima.

Asubuhi moja akaja baba kutoka Kaoze, amembeba binti yake mwenye homa kali. Mtoto alishatolewa damu na kipimo kilishatoka, ila daktari alikuwa anaangalia skrini iliyoganda. Yule baba hakulalamika. Aliona kitambulisho changu shingoni, akaniuliza taratibu:

"Samahani kaka, tunasubiri nini?"

Nikaenda maabara mbio, nikamwambia mama mfumo hautafunguka sasa hivi. Akavua glavu, akaenda mwenyewe kwa daktari kumsomea majibu: malaria, tena kali. Mtoto akapelekwa wodini. Mimi nikarudi stoo, nikauzima mfumo wa ripoti bila kumuuliza mtu. Haikuchukua muda, foleni ikaanza kusogea.

Mkuu wa hospitali akapiga simu. "Ripoti zangu ziko wapi?"

"Nimezima, mkuu. Memori haitutoshi, na asubuhi wagonjwa ni wengi."

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna."

Nikamsikia akishusha pumzi, naye kachoka.

"Basi uwashe mchana, watu wakipungua."

Homa ya yule binti ilishuka. Nilimwona siku aliyoruhusiwa, anatembea mwenyewe, kamshika baba yake kidole. Nikafurahi, ila furaha yenyewe ilikuwa ya mtu anayesinzia.

Memori haijaja hadi leo. Asubuhi nazima, mchana nawasha. Jioni napanda bodaboda kurudi nyumbani Katandala, upepo wa baridi unapenya koti. Mke wangu huniuliza kazi imekwendaje. Namjibu salama, nakaa kwenye kochi, na mara nyingi ugali unaiva nimeshalala.