Mjukuu Wangu Anaziba Pumzi Mlangoni mwa Choo

Mwenye ukurasa huu, ninakuomba ufiche jina langu na mtaa wangu, kwa maana watoto niliowafundisha kusoma sasa ni watu wazima na wanalisoma gazeti lako. Mimi ni mzee wa miaka sitini na mitatu, mwalimu niliyestaafu. Ninakaa hapa Goma pamoja na mke wangu na mjukuu wetu, ambaye nitamwita Kambale. Anakaribia miaka mitatu. Wazazi wake wanafanya kazi katika shamba la kahawa upande wa Rutshuru, nao walituletea alipoachishwa ziwa. Jambo ninalolileta kwenu ni la choo. Mnaotaka kucheka, chekeni kwanza, kisha mnisikilize.

Nyuma ya nyumba yetu kuna bonde dogo katika mawe meusi ya volkano. Wenyeji wanajua kwamba katika mabonde ya namna hiyo hukaa mazuku, yaani hewa mbaya isiyoonekana, nayo humwua anayeshuka ndani yake, hasa asubuhi kabla upepo haujavuma. Kambale alikuwa na rafiki, mbuzi mdogo wa jirani. Asubuhi moja mbuzi yule alishuka bondeni kula majani, akapiga magoti, akalala. Mtoto alimwita kutoka juu, akamwita tena, kisha akaanza kumfuata. Mke wangu alimnyakua. Siku ile ile akamfundisha kama akina mama wote wa hapa wanavyofundisha: "Shimo inakula mutu. Ukiona shimo, ziba pumzi, kimbia." Alisema vema. Hata mimi nilimrudia mtoto somo hilo mpaka akalishika.

Wakati huo alikuwa bado anajisaidia juu ya jani la mgomba nyuma ya jiko. Kisha mkaguzi wa usafi akapita, akayakuta majani na nzi wake. Aliniambia mbele ya majirani kwamba mwalimu anapaswa kuwa mfano, na kwamba akiyakuta tena nitaitwa ofisini. Kuyafukia haiwezekani, kwa sababu hapa chini ya udongo kidogo ni mwamba mtupu. Basi nikaamua kwamba Kambale aanze kutumia choo.

Choo chetu mwanangu alikichimba kwa mtaimbo. Ni shimo katika mawe yale yale, na kutoka chini hupanda ubaridi. Nilipomwingiza, mtoto alichungulia, akaziba pumzi, akakaza mwili kama ubao. Tulipotoka nje ndipo alipovuta hewa.

"Babu, mbuzi iko mule?"

"Hapana. Mbuzi hayumo."

"Iko. Imelala."

Nilimbembeleza, kisha nikamkemea. Mke wangu akampa beseni. Akalitazama, akaona lina kina, akakataa. Akaanza kujizuia. Tumbo lake likawa gumu, akaacha kula. Mwuguzi wa dispansari alimpa mafuta ya kunywa, akaniambia, "Muzee, mutoto huyu hagonjwe, anaogopa. Lakini akiendelea kujifunga hivi, atagonjwa kweli." Na jirani yetu, yule mama mwenye mbuzi, akanisemesha juu ya ua: "Mwalimu, ulifundisha sité yote, mitaa yote hii, kuandika, na huyu mumoja anakushinda na kuchuchumaa?"

Hapa kwetu, mtu akitaka kujua kama bonde lina mazuku, hushusha ndani mwenge wa nyasi. Ukizimika, hashuki. Nikafanya hivyo chooni. Niliushusha mwenge katika shimo, Kambale akiwa amejificha nyuma ya mguu wangu, nao ukawaka vizuri. "Unaona? Moto unaishi. Shimo hili halili mtu." Alitazama sana. Kisha akachuchumaa, akakishika kidole changu kwa mikono miwili, na akajisaidia. Bibi yake alipiga vigelegele uani. Mama mwenye mbuzi akasema, "Leo Mwalimu amepata sertifika."

Kumbe nilikuwa nimefungua mlango mwingine. Asubuhi moja, upepo haujavuma, nilimtafuta Kambale chooni nikamkosa. Nilimkuta kwenye ukingo wa bonde, amechuchumaa, anashusha unyasi mmoja kwa mkono. Unyasi wake haukuwa na moto.

"Babu, angalia, haizimike. Hii nayo haikule."

Mguu mmoja alikwisha kuutanguliza nilipomvuta nyuma.

Tangu siku hiyo mke wangu ameshika fundisho lake la kwanza: kila shimo linakula. Mtoto amemwamini, na tumbo limekuwa gumu tena. Nilijaribu kumweleza mke wangu alivyosema mwuguzi. Alinijibu bila kugeuka, akimenya ndizi: "Muzee, mutoto wa tumbo nitamupeleka dispansari. Mutoto wa mazuku nitamupeleka wapi?" Bonde la nyuma nimelizungushia miiba, lakini kutoka hapa hadi Munigi mabonde ya namna hiyo hayana idadi, na mtoto sasa anajua kukimbia. Nikiyarudisha majani ya mgomba, mkaguzi ananingoja.

Jana niliingia chooni mimi mwenyewe. Kambale akaja akasimama nje ya mlango.

"Babu, uko?"

"Niko."

Akauliza tena: "Babu, uko?"

Nilijibu mpaka nikatoka. Nilimkuta amejishika tumbo, na mashavu yamejaa pumzi alizoziziba kwa ajili yangu.

Maisha yangu yote nimewapa watoto kanuni, na kila kanuni nikaiongezea sharti lake: hapa ndiyo, pale siyo. Mtoto wa umri huu hapokei masharti. Anapokea neno moja tu, na kila neno nililo nalo linamdhuru. Ninyi mliolea watoto juu ya mawe haya, mliwaambiaje? Nimwondolee hofu hii, au nimwachie? Nijibuni mapema. Leo pia hajaenda chooni, na amekataa uji.