Kitanda cha Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu alizaliwa kabla ya siku zake katika hospitali moja hapa Kisangani, mdogo hata kofia tuliyomshonea kwa soksi ilimshuka machoni. Mama yake, binti yangu, alikuwa amepasuliwa, hawezi hata kugeuka. Basi daktari akanifundisha mimi: mtoto avuliwe nguo, alazwe kifuani, ngozi kwa ngozi, afungwe kwa kitenge mchana na usiku. Akasema utafiti umeonyesha kwamba joto la mtu huwaokoa watoto kama huyu. Hata ukutani palibandikwa picha ya mama na mtoto wamefungwa hivyo. Nilimwamini, na mpaka leo namwamini.

Asubuhi muuguzi mkuu akaingia akipiga makofi. "Ba garde-malade bote, inje. Docteur anafanya tour."

Garde-malade ndio sisi tunaolala na wagonjwa wetu, tukiwapikia na kuwafulia. Daktari akija kupita vitandani, tunafagiliwa uani ili chumba kipendeze.

"Na mutoto?" nikauliza.

"Weka ye ku kitanda, mama. Mugonjwa anabakia ku kitanda."

Nikamweka. Tulikaa uani mpaka jua likatuchoma. Niliporudi, miguu ya mtoto ilikuwa baridi kama samaki wa barafu, na midomo imegeuka rangi. Nikamrudisha kifuani kwa hasira. Mjinga husamehewa, hajui. Hawa walijua, tena walibandika picha. Lakini saa ya daktari ilipofika, elimu yao yote ilitupwa uani pamoja na sisi, ndoo zetu na masufuria. Muungwana ni vitendo, si picha.

Kesho yake makofi yalipolia, nilitoka na mtoto kifuani. Muuguzi akanikimbilia mlangoni.

"Mama, unapeleka mugonjwa wapi?"

"Ulisema mugonjwa anabakia ku kitanda. Kitanda yake njo mimi."

Basi mimi, kitanda chake, nikaketi juu ya ndoo niliyoipindua, karibu na moto wangu, pondu yetu ya majani ya muhogo ikichemka. Daktari alikuta kitanda cha mtoto kitupu, binti yangu akamwonyesha dirishani. Akatoka na wanafunzi wake, wakapita katikati ya majiko yetu ya makaa, akainama, akaingiza mkono chini ya kitenge. Uso ukamchangamka.

"Munaona?" akawaambia wanafunzi. "Iko moto muzuri. Njo vile tunafundishaka."

"Docteur," nikamwambia, "jana ulipita, ulimukuta ku kitanda peke yake. Ulimugusa?"

Akautoa mkono, akabaki anaitazama sufuria yangu ya pondu.