Alibonyeza Mwenyewe Hadi Jioni

Mwenzangu wa ofisi ya Bungoma, mzee wa kanisa kama mimi, aliniondoa kazini kwa uongo mmoja. Kompyuta ya chama chetu cha wakulima ilikuwa na jedwali kubwa la mahindi yaliyopokelewa miaka yote, na ilibidi hesabu ya magunia igeuzwe kuwa kilo. Nilitaka tugeuze kwa mafungu. Alinicheka mbele ya makarani: "Huyu mzee ati anapalilia shamba na kijiko, bana!" Akaamuru jedwali lote ligeuzwe kwa mpigo mmoja. Likajifunga. Mizani za Kitale, zinazoandikia humo humo, zikashindwa kuandika chochote, na mahindi ya watu yakanyeshewa kwenye foleni hadi kila kitu kilipozimwa, kazi ikarudi mwanzo. Kisha akaiambia kamati kwamba ni mimi niliyeamuru hivyo, na makarani wakaogopa kumpinga.

Nilikaa nyumbani Kibomet misimu miwili, jina langu likiwa matopeni. Najua Maandiko yanavyosema kuhusu kisasi, nimeyafundisha. Lakini niliomba aguse jedwali lile tena, na mimi niwepo.

Mungu ni mwaminifu. Kamati iliponiita niimalize kazi ile, nilikubali kwa sharti moja: abonyeze yeye, pale Kitale penye mizani, makarani na mwenyekiti wakitazama.

"Chukua rekodi elfu moja za kwanza," nikamwambia. "Geuza. Hifadhi. Andika kando namba ya mwisho. Sasa achilia, mizani zipumue. Haya, elfu nyingine."

Nje magunia yalipimwa bila kusimama. Saa ya chai stima ikapotea. Aliruka kitini.

"Imeharibika! Mzee, si mimi!"

"Keti, ndugu. Stima ikirudi, anza na namba inayofuata ile ya mwisho uliyohifadhi."

Ikarudi. Hakuna rekodi iliyopotea. Mwenyekiti akamgeukia. "Kwa hivyo siku ile ya mvua, nani aliendesha yote mara moja?"

Alitazama kibodi. "Ni mimi, mwenyekiti."

"Sijasikia," nikasema, ingawa nilikuwa nimesikia vizuri sana.

"Ni mimi!"

Nilifumba macho, nikamshukuru Mungu kwa kunipa masikio mazima uzeeni. Kisha nikamwonyesha kitufe, maana mafungu yalikuwa bado mengi.

Kompyuta ingeweza kujiendeshea mafungu hayo yote yenyewe, kwa amri fupi niliyokuwa nimeiandaa nyumbani. Hilo sikumwambia.