Kamba ya Kupimia Kisima

Insha arobaini na mbili zilikuwa mezani pangu, na kufikia ya tano tayari nilikuwa nimeshikwa na kinyaa. Niliwapa kidato cha tatu swali moja rahisi: je, uchimbaji wa mchanga katika mto wetu ukomeshwe au uendelee? Watafute ushahidi, watoe dai, walitetee, kisha wajibu hoja za upande wa pili. Niliwapa wiki mbili nzima. Wao wakaenda kupanga foleni kwenye saiba ya sokoni, ambako jamaa mmoja mwenye kompyuta mbili na printa mbovu aliwatolea insha ile ile, akibadilisha ukubwa wa herufi tu.

"Mto wetu hutiririka maji mwaka mzima." Ndivyo zilivyoanza insha thelathini na nane. Mwaka mzima! Mto huu wetu wa kusini mwa Kitui, ambao ukipitisha maji wiki tatu baada ya mvua tunamshukuru Mungu! Walioandika maneno hayo ni watoto wanaoamka alfajiri kuchimbua mchanga kwa bakuli, wakingoja maji yajikusanye kikombe kwa kikombe, halafu wanaingia darasani na matope kwenye kucha kuniambia mto unatiririka. Insha moja ilikuwa hata na samaki. Samaki gani, jamani? Nilisonya mpaka mwalimu wa hesabu akaacha kula muthokoi wake wa mahindi na maharagwe, akaniuliza kama jino linaniuma.

Uvivu nimeuzoea, hauninyimi usingizi. Kilichoniudhi ni kwamba waliyadharau macho yao wenyewe. Kikitoka kwenye printa ni elimu, lakini ulichokiona ukienda mtoni na punda ni ushamba. Na waliowafunza hivyo ni sisi walimu.

Nikawarudishia zote bila alama. "Sitaki karatasi ya saiba hapa," nikawaambia. "Nendeni mtoni mkapime. Ulizeni watu. Na mtu akikwambia jambo, mwulize: umejuaje?"

"Na hii itakuja kwa mtihani, Madam?" akauliza mmoja wa nyuma. Darasa likacheka, nami nikatoka kabla sijasema neno la kujutia.

Msichana mmoja tu ndiye aliyenisikia. Alikuwa wa katikati darasani, wale ambao walimu husahau hata sauti zao. Familia yao, kama nyingi za hapa, ina kisima chake mchangani, kimezungushiwa matawi ya miiba ili mbuzi wasiingie. Alichukua kamba ya kufungia punda, akafunga jiwe kwenye ncha, na kila Jumapili baada ya kanisa akaishusha kutoka mdomo wa kisima hadi kwenye maji. Pale kamba ilipogusa mdomo wa kisima, alifunga fundo. Ili ajue kama ni kiangazi tu kinachoyashusha maji, alipima pia kwa kamba ya pili kisima cha jirani kilicho mchangani upande wa juu wa mwamba unaokatiza mto, mahali ambapo malori ya mchanga hayawezi kufika. Baada ya wiki sita, mafundo ya kule yalikuwa yamebanana. Ya kisima chao yalikuwa yameachana, la kwanza na la mwisho, kwa urefu wa mkono wa mtu mzima.

Hakuna aliyemfunza hilo la kisima cha pili, hata mimi.

Alimhoji pia susu yake, yaani bibi yake. Bibi alisema zamani, hata kiangazi kikikaza, alichota maji akiwa amepiga magoti. Siku hizi mtu anashuka kisimani mpaka kichwa kinapotea. Msichana, kwa utiifu wote, akamwuliza, "Susu, umejuaje?" Bibi akawaka: "Nimejuaje? Nimejua kwa magoti yangu!" Yote hayo aliyaandika kwa kalamu, kurasa tatu, sarufi imevunjika hapa na pale, na zile kamba mbili akaniletea zimefungwa kwa karatasi ya unga. Nilimpa kumi na tisa kwa ishirini, nikajifungia chooni nikalia kwa furaha.

Nikaamua insha hiyo ndiyo itakayokwenda mjini Wote, Makueni, kwenye mashindano ya shule. Mwalimu mkuu akaniita ofisini. Aliisoma akiwa amesimama.

"Madam, hii ni nzuri. Nzuri sana," akasema. "Lakini hizi malori ni za nani?"

Alijua, nami nilijua. Malori yanayopita Ikutha kila siku yakielekea Kibwezi yakiwa yamesheheni mchanga wetu ni ya mwenyekiti wa bodi ya shule. Na lile rundo la mchanga nyuma ya ofisi, la kujengea maabara, lilikuwa zawadi yake.

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," akanisihi. "Msichana aseme mchanga una faida na hasara. Asawazishe tu."

Moyoni nilimjibu kwamba ushahidi hausawazishwi kwa woga. Mdomoni nikasema, "Sawa, Mwalimu." Ptuu! Mimi niliyewafokea watoto arobaini na wawili!

Saa ya chakula cha mchana niliketi na kalamu yangu nyekundu. Nikatoa malori. Nikatoa kisima cha jirani, kwa sababu hicho ndicho kilichoua hoja yote ya kiangazi. Nikatoa kamba na magoti ya bibi. Mahali pa hayo yote nikaandika kwamba uchimbaji wa mchanga umeleta maendeleo, ingawa uangalifu unahitajika. Nikamwita msichana, nikamwambia tumeiboresha kidogo, ainakili kwa hati safi.

Aliisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole.

"Madam," akauliza, "umejuaje?"

"Nimejuaje nini?"

"Kwamba uchimbaji umeleta maendeleo."

Hakuwa na ufedhuli wowote. Aliuliza kama nilivyomfunza, akangoja jibu.

"Nenda darasani," nikamwambia.

Insha ikashika nafasi ya pili. Siku ya zawadi shuleni mwenyekiti mwenyewe alimkabidhi msichana kamusi, akaisifu insha kwa ukomavu wake, nami nikapiga makofi na wenzangu. Bibi wa msichana alikuja amevaa kitambaa cha kanisani, akakaa mstari wa mbele ili asikie maneno yake yakisomwa mbele ya watu. Insha iliposomwa mpaka mwisho, bado alikuwa ameinamisha sikio. Alinifuata baadaye karibu na geti.

"Mwalimu, magoti yangu mliyaweka wapi?"

Nikamwambia muda ulikuwa mfupi. Akanitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Kesho yake msichana alikuja kuomba kamba zake, kwa maana punda alikuwa anahitaji kufungwa.

Muhula uliofuata niliwapa swali jingine: kaunti ijenge mabwawa au ichimbe visima vya pampu? Sikusema lolote kuhusu saiba. Ningeanzia wapi? Insha zikaja, na ya msichana yule ilikuwa katikati ya rundo, imechapwa vizuri, kurasa mbili, hakuna hata kosa moja la sarufi. Alikuwa ameileta kwa mikono miwili, kwa heshima, kucha zake zikiwa na matope ya asubuhi.

Sentensi ya kwanza ilisema: "Mto wetu hutiririka maji mwaka mzima."

Nilishika kalamu nyekundu. Nilitaka kuandika pembeni lile "umejuaje?" langu, lakini nilijua angenijibu kwamba ni mimi niliyemfunza. Nikaandika kumi na sita kwa ishirini, nikachukua inayofuata.