Sinema ya Kurudi Jana

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa Idi pili. Tulikuwepo mimi, dada yangu Mwanaidi niliyenyonya naye ziwa moja, mumewe Salehe wa kwenye mashamba ya chumvi, na binti yao Zuhura, mdogo, amelala mapajani pangu. Mama yake Salehe, Bibi Tatu, alibaki nyumbani. Sinema hakuitaka.

Ilikuwa mtaani Dunda, alasiri, ndani ya ghala la nazi lililozibwa madirisha kwa magunia. Mwanaidi alikuwa hajatoka tangu tumzike mwanawe wa kwanza, Abdi. Siku aliyokufa, mtoto aliamka na homa, mamaye akamwacha kwa jirani akaenda harusini Kerege. Aliporudi akakuta watu wamekaa mkekani, matanga. Ndipo Salehe akamleta pale, apate japo kucheka.

Na watu walicheka kweli. Mzungu ameingia kwenye sanduku la bati lenye taa na moshi, anazungusha saa kinyumenyume arudi jana akamwokoe mkewe. Bati lenyewe linapepea.

"Hilo pipa la mafuta ya taa, bwana we," akasema mmoja nyuma.

"Muulize nauli ya kurudi ujanani," akadakia mwenzake.

Mwanaidi hakucheka. Alimwinamia mumewe. "Baba Abdi, wenzetu wameshafika huko jana?"

Salehe akamwonea huruma. "Mwezini si wamefika? Na huko huenda watafika."

Neno hilo tu. Kwetu nguo za maiti hutolewa sadaka baada ya arobaini, na za Abdi zilikwishafungwa zipelekwe Mlingotini kwa wenye shida. Mwanaidi akazifungua. "Akirudi atavaa nini?" Ikawa kila Idi anashona kanzu mpya ya mtoto wa miaka mitatu, na Zuhura anakwenda kuomba mkono wa Idi na gauni la mwaka juzi.

Bibi Tatu alimwambia mwanawe mbele yangu, "Salehe, mfiwa hupewa maji, hapewi mazigazi. Nenda kamwambie kweli." Akaenda, masikini. Mwanaidi akamjibu, "Wewe mwenyewe ndiye uliyesema." Maji yakimwagika hayazoleki.

Idi moja Zuhura alisimama mlangoni, mamaye anatunga uzi.

"Mama, na mimi nikifa utanishonea?"

Mwanaidi akapitisha uzi, akaendelea kushona. Bibi Tatu akamshika mjukuu wake mkono, wakaondoka, akamlea yeye. Dada yangu alikufa akingoja. Zuhura alikuja kumwosha mamaye, akamaliza, akaenda zake. Kasha mamaye alimoziweka kanzu za Abdi hakulifungua.

Mwanangu, nguo za maiti zitoe. Mfiwa mwambie kweli, kisha kaa naye alie. Uongo wa huruma hukaa ndani ya nyumba siku nyingi kuliko msiba wenyewe. Na unapomlilia aliyeondoka, mshonee aliyebaki. Mungu akupe moyo wa kuachilia, na walio hai akuwekee.

Kama jina au mahali nimekosea, anayekumbuka anisahihishe. Tuliobaki ni wachache.